Mgeni rasmi akija mikono mitupu: vilabu vya Migori na Homa Bay, na sisi wa Pwani

Huku kwetu Pwani ukitaja klabu, watu watakuuliza kwanza: ya mpira au ya pombe? Ukifika Migori au Homa Bay neno hilo lina mapana zaidi. Kuna klabu ya kina mama wanaozungushiana pesa kila baada ya wiki mbili, mchezo ambao Wajaluo huuita nyoluoro. Kuna ya walimu waliostaafu, ya vijana wa bodaboda, ya wavuvi wa ufuo mmoja, na ya watu waliotoka kata moja ya mashambani ambao sasa wanaishi mjini. Nyingi ya hizo hazikutani kwa chai na stori peke yake. Mara kwa mara hualikwa mtu wa nje aje aseme neno, naye ndiye mgeni wa siku, au akiwa mkubwa, mgeni rasmi.

Nataka kueleza desturi hiyo inavyokwenda na ilikotoka, kwa sababu imefika njia panda, na njia panda hiyo ni yetu pia. Julai 2024, baada ya vijana kumiminika barabarani nchi nzima, Rais alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Kwa vilabu vingi hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa mgeni wenu sasa atakuja bila bahasha. Swali likabaki: mgeni asiye na bahasha anaitwa kufanya nini?

Kwanza mkutano wenyewe. Migori ni mji ulio juu ya barabara kuu inayotoka Kisii kwenda Isebania, mpakani na Tanzania. Kwa hiyo mkutanoni unaweza kumkuta Mjaluo, Mkuria, Mkisii, Msuba, Mluhya, na Msomali mwenye duka la jumla. Dua huombwa na yeyote atakayechaguliwa siku hiyo. Katibu husoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Waliochelewa hutozwa faini, na hapo ndipo vicheko huanza, maana mwenyekiti mwenyewe si ajabu akawa wa kwanza kulipa. Mweka hazina hupokea michango, huihesabu mbele ya macho ya watu, na aliyefikiwa na zamu hukabidhiwa. Sisi tungesema ni upatu. Kisha huja ile wanayoita benki ya mezani: pesa ya akiba hukopeshwa palepale, jina la mkopaji huandikwa, mdhamini hutia sahihi, na haibaki shilingi ya kulala kwenye kisanduku.

Mgeni huwekwa baada ya pesa, na nadhani si bahati. Akitangulia, watu watamtazama usoni huku roho zao ziko kwenye zamu. Akiachwa mpaka mwisho kabisa, harufu ya ngege wa kukaanga imeshaingia sebuleni na hapana atakayemsikia. Kwa hiyo hupewa nafasi ya katikati, dakika ishirini au thelathini, kisha maswali. Maswali ndiyo mkutano hasa. Mgeni mzuri hujulikana hapo, na mgeni mbovu huumbuka hapo.

Desturi hii haikuletwa na miradi ya wafadhili kama wengine wanavyodhani. Boma la Kijaluo lilikuwa na duol, kibanda cha mwenye mji karibu na zizi, ambamo wanaume waliota moto jioni, wakala pamoja na kuzungumza, na mgeni apitaye akatoa habari za alikotoka. Watoto walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, walikofundishwa kwa hadithi na vitendawili. Msomaji wa Lamu au wa Mji wa Kale hahitaji maelezo zaidi. Duol ni baraza, ila sisi tuliijenga kwa mawe nje ya mlango, na wao wakaiwekea paa na moto katikati.

Reli na bandari zilipowatoa watu vijijini, duol nayo ikahamia mjini ikawa chama. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa Luo Union, chenye matawi mijini kote walikofika Wajaluo kutafuta kazi, Mombasa ikiwemo. Kazi zake za kila siku zilikuwa za kawaida tu: kumsafirisha maiti akazikwe kwao, kumtafutia mgeni pa kulala, kuchangia karo. Lakini kikao kilikuwa pia jukwaa la mtu kusimama na kusema. Jaramogi Oginga Odinga, aliyeanzisha shirika la biashara la Luo Thrift mwaka 1947, alizunguka akiwaeleza watu kwa nini wanunue hisa badala ya kulalamika kwamba biashara yote iko mikononi mwa wengine. Baadaye akawa Ker, mkuu wa Luo Union. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo upande wa Kendu Bay, naye aliwahi kushika cheo hicho. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1938 kitabu cha Kijaluo juu ya mila na desturi za watu wake, Luo Kitgi gi Timbegi. Mzee wa aina hiyo akialikwa kusema juu ya mahari au mirathi, hakuhitaji kubeba mfuko wa sukari ili asikilizwe.

Na hapa tusijifanye wageni, sisi wa Mombasa. Makuli walipogoma bandarini mwaka 1955, mmoja wa waliokuja kuzungumza nao na kusaidia kupata suluhu alikuwa Tom Mboya, kijana ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, Homa Bay ya leo. Kwenye mpira, ligi ya taifa ya mwaka 1964 ilichukuliwa na Luo Union, na ya 1965 ikachukuliwa na Feisal ya Mombasa. Zote mbili zilikuwa timu za jamii, za watu waliojuana kwa majina. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe, na Luo Union ikaenda na maji pamoja na GEMA na vinginevyo. Timu za mpira zikalazimika kubadilisha majina. Vikao havikufa, vilijigawa tu vikawa vidogo. Klabu za leo za Migori, zenye watu kumi na tano au thelathini, ni wajukuu wa vyama vile.

Pwani tulikuwa na vyetu. Beni ilitugawa mitaa na mitaa tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, na wanawake wa Mombasa wakawa na vyama vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada vikiwa miongoni mwa vilivyovuma. Walishindana kwa nguo, kwa nyimbo, na kwa karamu zilizowaacha wengine na madeni. Watu hukumbuka mashindano, wakasahau kwamba vyama vile vilikuwa na vyeo, nidhamu, na utaratibu wa kusaidiana kwenye harusi na msiba. Miaka ya 1950 baadhi ya wanawake hao hao waligeukia jumuiya za aina nyingine, ambazo shabaha yake ilikuwa elimu na maendeleo ya wanawake wa Kiislamu. Ngoma ikapisha darasa. Si wote waliofurahi, na nyanya zetu wengine walisema mpaka kufa kwao kwamba darasa halina utamu wa lelemama. Siwezi kuwabishia, sikuwahi kucheza.

Wakati huohuo bara kulikuwa na Maendeleo ya Wanawake, iliyoanza 1952 chini ya wanawake wa Kizungu na idara ya serikali ya kikoloni. Klabu zake zilifundisha kufuma, upishi, usafi wa nyumba na malezi, na msemaji kwa kawaida hakuwa mwanamke wa kijijini. Mambo yalibadilika mwaka 1958, alipopatikana mwenyekiti wa kwanza Mwafrika, Phoebe Asiyo, binti wa Karachuonyo, ambaye baadaye akawa mbunge wa huko huko na aliyefariki mwaka 2025. Ukimsikia mama wa Homa Bay akimsimamisha mgeni katikati ya hotuba na kumwambia, kwa adabu zote, "Hilo tumelisikia, tuambie la kufanya," ujue mazoea hayo yana umri wa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye bahasha, maana hapo ndipo penye uchungu.

Harambee ilianza kama neno la kuinua mzigo pamoja, na miaka ya mwanzo ya uhuru ilijenga shule na zahanati zisizohesabika. Polepole mzigo ukawa wa mtu mmoja, mheshimiwa, na wengine wakawa watazamaji wa kupiga makofi. Mtindo ukazoeleka kila mahali, Migori na Malindi pia. Klabu ikitaka pesa ya mahema na viti vya kukodisha, inamwalika mbunge au mwakilishi wadi. Anachelewa saa tatu. Akifika anasalimia, anawasema wapinzani wake, anatoa bahasha, mwenyekiti anatangaza kiasi kwa sauti, kigelegele, picha, na magari yanaondoka na vumbi. Mada iliyoandikwa kwenye barua ya mwaliko, mathalani ufugaji wa kuku au karo ya sekondari, hakuna aliyeigusa.

Sheria haikuwa kimya. Ile ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliweka mipaka kwa maafisa kutumia vyeo vyao kuchangisha. Mipaka ikavukwa kila Jumamosi na Jumapili. Amri ya 2024 ilikuja na kishindo zaidi kwa sababu ilifuata hasira za vijana waliokuwa wakiuliza mshahara gani wa mbunge unaotoa mamilioni kwa mwezi. Hata hivyo michango haikukatika, na Novemba mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa hadharani pesa zilizotolewa na Rais na wanasiasa wengine kanisani. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba bahasha imekufa. Imejificha kidogo, na kwa klabu ndogo zisizo na jina imekuwa haba.

Kuna wanaolia, na wana haki. Kikundi cha wajane kilichotegemea mgeni rasmi mmoja kwa mwaka kununua tangi la maji hakiwezi kuambiwa ghafla "jitegemeeni" kikashukuru. Lakini mimi naona faida moja ambayo haijasemwa vya kutosha. Mgeni asiye na pesa hana budi kuwa na la kusema. Na mwenyekiti anayemwalika hana budi kufikiria, kabla ya kuandika barua, watu wake wanataka kujua nini.

Mambo ya kujua yapo mengi kule ziwani, na si ya mzaha. Chukua malaria. Septemba 2019 Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S, nchi ya tatu baada ya Malawi na Ghana, uzinduzi ulifanyika Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Watoto wa Kilifi walikuwa wameshiriki majaribio ya chanjo hiyo miaka kadhaa kabla, sambamba na wa Siaya na Kombewa. Lakini utoaji ulianzia magharibi, Homa Bay na Migori zikiwemo, kwa kuwa huko ndiko malaria ilikoshika sana. Chanjo ina dozi nne. Tatu hutolewa kabla mtoto hajapita umri wa miezi tisa, na ya nne akifika miaka miwili. Ugumu uko kwenye hiyo ya nne. Mtoto ameshatembea, hana chanjo nyingine inayomngoja, mama ana shughuli zake sokoni au shambani, na kadi ya kliniki iko chini ya godoro. Tangazo la redio litapita. Nesi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kina mama ishirini, akawauliza mmoja mmoja mtoto wake ana miezi mingapi, hapiti hivihivi. Tena ataulizwa swali ambalo redio haiulizwi: kama amechanjwa, kwa nini bado nimlaze ndani ya neti? Jibu ni kwamba chanjo hupunguza malaria, haiizuii yote, na neti inaendelea na kazi yake.

Au chukua virusi vya ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima nchini wanaishi na virusi. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, ya juu kuliko kaunti zote, na Migori 13.0. Maana yake, katika klabu ya watu ishirini Homa Bay huenda wanne wanaishi na virusi, na huenda wengi wa waliobaki wana ndugu anayeishi navyo. Huwezi kuleta msemaji wa kutisha watu na picha za mifupa kama ya miaka ya 1990. Anayehitajika ni wa kuzungumza juu ya kumeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye vipimo, juu ya kijana wa shule ya bweni anayeficha vidonge, na juu ya mvuvi anayehama ufuo kufuata samaki na kuacha kliniki yake nyuma. Kwa mada kama hizo, mgeni anayeishi na virusi yeye mwenyewe ana uzito ambao hapana daktari ataupata.

Mambo ya pesa pia. Tangu 2022 kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii, inayotaka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, katiba iliyoandikwa na viongozi waliochaguliwa. Bila cheti mlango wa mikopo ya serikali haufunguki. Uwezo, mfuko ulioanzishwa 2013, hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na wenye ulemavu bila riba, ila kuna ada ya usimamizi. Kwetu Pwani, ambako wengi huiepuka benki kwa sababu ya riba, ingefaa mtu aje atueleze hiyo ada ni nini hasa na inahesabiwaje, kisha masheikh na wanachama waulize yao. Afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo analipwa mshahara kwa kazi hii. Kumwalika ni barua moja.

Lugha nayo ina visa vyake. Pale Migori, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mkuria na Mjaluo na Mkisii katika chumba kimoja. Si cha mtu yeyote hapo, kwa hiyo ni cha wote. Halafu anakuja msemaji mwenye shahada, anafungua mtambo wa picha ukutani, anamwaga Kiingereza nusu saa. Wanachama hutikisa vichwa kwa heshima. Mwisho hapaulizwi swali, naye anaondoka akidhani amewamaliza. Klabu zenye busara huandika kwenye barua ya mwaliko lugha itakayotumika. Sioni kwa nini klabu ya Kwale au Taveta isifanye hivyohivyo.

Ukiwa Kendu Bay, mji wa zamani wa bandari ya ziwani wenye msikiti wake wa Tawakal na Wajaluo Waislamu wengi kuliko mgeni wa Pwani anavyotarajia, hapana budi watakupeleka kuona Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa kijiji. Usiku mmoja wa karamu akaja bikizee mchafu, mwenye njaa na baridi, akafukuzwa kila mlango asipokewe, isipokuwa na mwanamke mmoja. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, akapona yule mmoja na wa nyumbani kwake. Hadithi husimuliwa namna nyingi, na kila msimulizi huapa kwamba yake ndiyo sahihi. Mimi iliponigusa ni kwamba watu wale walikuwa na sherehe. Chakula kilikuwepo. Walimtaka mgeni, lakini wa aina nyingine.

Klabu zetu za Pwani, kuanzia vyama vya kina mama vya Majengo na Likoni hadi vikao vya wazee wa Faza, zinaweza kubadilishana wageni na hizi za ziwani. Wajaluo wanaoishi Changamwe na Kisauni miaka arubaini ni daraja tayari. Walimu na wafanyabiashara wa Pwani walioko Migori nao pia. Wavuvi wa Muhuru Bay na wavuvi wa Vanga wote wanaishi kando ya mpaka wa nchi mbili uliochorwa majini, wote wameonja kukamatwa na nyavu zao kuchukuliwa, na sijasikia kikao kilichowaweka pamoja. Mkulima wa miwa wa Awendo anayeuza kwa Sony na mkulima wa Ramisi wana mengi ya kuambiana juu ya kiwanda kinachochelewesha malipo.

Gharama ni nauli ya basi, chakula, na pa kulala kwa mwanachama mmoja. Nikiulizwa tuanze na nani, ningemwandikia nesi wa chanjo kutoka Ndhiwa, aje akae na kina mama wa Kilifi mchana mmoja, kwa Kiswahili, awaambie dozi ya nne imewasumbuaje kule kwao na walifanya nini. Nauli yake isomwe kwenye kumbukumbu mbele ya wanachama wote, shilingi kwa shilingi.